Mji wa Kweli na Kitongoji cha Matajiri

Si kila mahali penye nyumba nyingi huwa mji. Mombasa yatupa mfano mwema wa jambo hili, maana Mji wa Kale, ulio kisiwani, na Nyali, iliyo bara, zatazamana kuvuka mkono mmoja wa bahari, wala tabia zao hazifanani.

Mji wa Kale ni mtoto wa bandari. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka wa 1331, aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na watu waliokula ndizi na samaki, ambao nafaka yao ililetwa kutoka kwingine. Basi tangu zamani mji uliishi kwa kupokea wageni na bidhaa zao. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593. Waarabu wa Omani wakaiteka mwaka wa 1698. Na wenyeji walijipanga katika Thenashara Taifa, matatu upande mmoja na tisa upande wa pili.

Historia hiyo yasomeka katika majengo. Nyumba ni za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, nazo zimesongamana hata njia nyembamba hupata kivuli. Kando ya mlango wa nakshi kuna baraza la mawe. Mwenye nyumba alitoa sehemu ya jengo lake ili jirani na mpita njia wapate pa kuketi. Hapo kahawa ilinywewa, habari zikapashwa, na magomvi yakasuluhishwa.

Nyali ilizaliwa kwa njia nyingine. Karibu yake palikuwa na Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa, yaliyoanzishwa mwaka wa 1875. Kengele yao ndiyo iliyopapa Kengeleni jina lake. Sehemu kubwa ya Nyali yenyewe ilikuwa shamba la katani. Daraja la kuelea lilipofunguliwa mwaka wa 1931, safari ya kisiwani ikawa nyepesi, na ardhi ikafaa kukatwa viwanja. Zama za ukoloni wakaaji wake walikuwa hasa Wazungu. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1963 rangi haikuwa tena kizuizi, ila fedha ilibaki mlangoni.

Mandhari ya Nyali yapendeza: bustani pana, miti yenye maua, upepo wa bahari. Lakini nyumba zimeupa barabara visogo. Penye baraza kule, hapa pana ukuta na lango. Mtunza bustani na mpishi huingia asubuhi na kutoka jioni, nao huenda wakafanya kazi miaka mingi bila kumjua jirani wa tajiri wao.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba Mji wa Kale una msongamano na uchakavu, na hakuna dhambi kupenda nafasi na hewa safi. Hata hivyo, bustani mtu aweza kuipanda kwa mwaka mmoja, bali ujirani hujengwa kwa vizazi. Enyi vijana, baadhi yenu mtakuwa wapimaji wa ardhi, wajenzi na madiwani. Mtakapochora mitaa mipya, jiulizeni kwanza: mgeni asiyejulikana, akichoka njiani, ataketi wapi?