Hewa inapobeba paa: historia ya nyumba za kupulizwa

Mtu akisema nyumba imejengwa kwa hewa, wengi watacheka. Lakini hewa ina nguvu: iliyofungwa ndani ya magurudumu ndiyo inabeba lori lenye magunia ya mahindi mpaka sokoni. Kwa zaidi ya miaka 100 mainjinia wametafuta namna ya kusimamisha paa kwa nguvu hiyo hiyo, na wa kwanza kati yao aliwafikiria majeruhi wa vita.

Mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, injinia Mwingereza Frederick Lanchester aliomba hati ya uvumbuzi wa hema la hospitali lisilo na nguzo. Mashine ingesukuma hewa ndani, na hewa ingenyanyua kitambaa. Hema lile halikujengwa.

Wazo lilirudi kwa sababu nyingine. Marekani ilihitaji kukinga rada zake za kijeshi dhidi ya theluji na upepo, lakini paa la chuma lingezuia mawimbi. Mwaka 1948 Walter Bird na wenzake, katika maabara ya anga ya Cornell mjini Buffalo, walisimamisha kuba la kitambaa lenye upana wa mita 15 hivi, likibebwa na hewa tu.

Mwaka 1970 dunia nzima iliona kazi hiyo katika maonyesho makubwa ya Osaka, Japani. Jumba la Marekani, lililokuwa na jiwe kutoka mwezini, lilifunikwa na paa la kitambaa na kamba za chuma, urefu mita 142 na upana mita 83, bila nguzo hata moja. Bajeti ilikuwa imepunguzwa, na hewa ilikuwa rahisi kuliko chuma na beto. Karibu na hapo, jumba la Fuji lilitumia njia ya pili: hewa ilifungwa ndani ya mabomba 16 ya kitambaa, kila moja lenye unene wa mita 4, yakawa ndiyo mihimili.

Katika njia ya kwanza, mashine inasukuma hewa bila kukoma, na milango inazunguka ao inafuatana miwili miwili ili hewa isitoroke. Anayeingia hahisi kitu. Tofauti ya hewa ya ndani na ya nje ni kama ile ya kuteremka kilima cha mita 20 ao 30. Ni kidogo, lakini ikienea chini ya paa zima inabeba tani nyingi.

Udhaifu wake pia ni wazi. Huko Minneapolis, Marekani, uwanja wa michezo wa Metrodome ulibebwa na hewa tangu 1982. Alfajiri ya tarehe 12 mwezi wa 12, 2010, theluji ililemea paa, kitambaa kikachanika, hewa ikatoka, paa likaanguka uwanjani. Hakuna aliyeumia. Uwanja ulibomolewa mwaka 2014, na uliojengwa mahali pake ukapewa paa gumu.

Kwa wagonjwa, wazo la Lanchester lilitimia baadaye kwa njia ile ya mabomba. Baada ya tetemeko la ardhi la 2005 huko Pakistani, MSF ilisimamisha hospitali ya kupulizwa mjini Mansehra. Mwezi wa kwanza 2010 ilifanya vile vile Port-au-Prince, Haiti, na waganga wakapasua wagonjwa ndani yake. Wagonjwa wengi waliogopa kulala chini ya beto iliyopasuka. Wakaaji wa Goma wanaijua hofu hiyo tangu Nyiragongo ilipolipuka mwezi wa tano 2021 na ardhi ikatetemeka siku nyingi. Hema la hewa likianguka, haliui kama ukuta.

Kivu ya Kaskazini nayo ina sehemu yake katika historia ya kupanga hewa. Wakati wa Ebola, mwaka 2018, shirika la ALIMA lilileta Beni vyumba vya plastiki inayopenya macho. Hewa ya mgonjwa ilitengwa na ya wengine, na muganga aliingiza mikono katika glavu zilizoshikamana na ukuta. Familia ziliweza kumuona mgonjwa wao usoni, jambo lililopunguza uvumi.

Kwa familia za wahami, hapa kuna funzo. Jengo la hewa linafika haraka, linakunjwa na kubebwa kwa gari. Lakini halijitegemei: linahitaji umeme ao mazutu, mtu wa kuziba matundu, na mlinzi wa usiku. Hema kama hilo likiletwa kambini, haitoshi kuuliza litasimama lini. Tuulize pia nani atalipa mazutu ya mwezi wa tatu, na kuta za kudumu zitaanza kujengwa lini.