Ng'ombe, Daftari na Uraia wa Asili

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa na watu wa damu mbili katika Afrika ya Mashariki, moja ni hili: "Babu yangu alikuwa Mgiriki, je, mimi ninayo haki ya kuwa raia wa Ugiriki?" Kwa juu swali hili laonekana kuwa la sheria tu, la kujibiwa na wakili kwa maneno machache. Walakini ndani yake mna swali jingine lililo kubwa zaidi na la zamani kuliko sheria zote zilizoandikwa, nalo ni: mtu ni wa nani, na ni nani awezaye kumshuhudia? Katika makala haya nimekusudia kulipima swali hilo kwa kipimo cha Unyakyusa, yaani nchi ya Kyela na ufuo wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kwa sababu wenyeji wa huko walikuwa wamekwisha kulijibu kwa njia yao kabla daftari lolote la serikali halijafunguliwa kwao.

Tuanze na Wagiriki wenyewe. Walifika Tanganyika zamani za utawala wa Wadachi, na wengi wa wale wa kwanza walikuwa makandarasi na mafundi wa reli. Reli zilipokwisha walishika kilimo: mkonge katika nchi za Tanga na Morogoro, kahawa katika Kilimanjaro na Arusha, tumbaku katika Iringa. Hawakuwa watawala, lakini hawakuwa watawaliwa pia. Walisimama katikati, kama mtu aliyekaa kizingitini. Mmoja wao, George Arnautoglu, tajiri wa mkonge, aliacha jina lake katika jumba la mikutano la Dar es Salaam ambalo lajulikana kwa jina hilo mpaka leo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, na mwaka 1973 yakafuata mashamba makubwa ya kahawa ya Kilimanjaro. Wagiriki wengi walifunga mizigo yao wakaondoka. Waliobaki nyuma ni wachache, na pamoja nao walibaki watoto waliozaliwa na mama Waafrika.

Sasa tuitazame sheria ya Ugiriki. Msingi wake ni damu, wala si ardhi. Mtoto wa Mgiriki huhesabiwa kuwa Mgiriki tangu kuzaliwa kwake, hata akizaliwa mahali ambapo hapajasikiwa neno moja la Kigiriki. Kwa sababu hiyo mjukuu anayedai uraia haombi zawadi. Anadai kuandikwa kile ambacho, kwa mujibu wa sheria, alikuwa nacho siku zote. Lakini damu haisemi yenyewe. Husemewa na karatasi. Kila familia ya Kigiriki ina ukurasa wake katika daftari la raia wa manispaa fulani, na anayedai ni lazima aonyeshe mnyororo usiokatika: babu ameandikwa, ndoa yake imeandikwa, mwanawe ameandikwa, naye mjukuu ana cheti chake. Pete moja ikipotea, mnyororo wote wakatika.

Na pete zimepotea nyingi. Mpaka mwaka 1982 sheria ya Ugiriki haikuitambua ndoa ya serikali; ndoa ya Mwothodoksi ilipasa kufungwa na kasisi. Ndoa ya mila ilikuwa mbali zaidi. Mpaka mwaka 1984 mwanamke wa Kigiriki aliyeolewa na mgeni hakuweza, kwa kawaida, kumpa mtoto wake uraia, kwa kuwa njia ilikuwa ya baba. Kwa mtoto wa nje ya ndoa, sheria ya mwaka 2004 yasema kwamba huwa Mgiriki akitambuliwa kisheria na baba yake kabla hajafikia utu uzima. Hapa ndipo penye uchungu. Baba aliyemlea mtoto, akamlisha na kumsomesha, lakini asiende kwa msajili, amemwachia sura yake na pengine jina lake, asimwachie nchi yake. Waswahili husema kitanda hakizai haramu. Lakini daftari halilali kitandani.

Mtu asidhani kwamba ukali huu ni wa Wazungu peke yao. Katika Unyakyusa wa zamani ukoo ulifuata baba, lakini baba hakufanywa baba kwa damu tu. Alifanywa na ng'ombe. Mahari ya ng'ombe ilipotoka zizi moja ikaingia zizi jingine, ndipo watoto walipokuwa wa ukoo wa mume, wakapata haki ya urithi na mahali katika matambiko ya wazee wao waliokufa. Pasipokuwa na ng'ombe, mtoto alihesabiwa kuwa wa upande wa mama yake. Kwa hiyo ng'ombe walikuwa daftari linalotembea: kila mtu kijijini aliwajua, aliwaona wakipita, na aliweza kutoa ushahidi. Mgiriki ana ukurasa, Mnyakyusa alikuwa na zizi. Na pande zote mbili zilikuwa zikisema neno moja, kwamba damu bila ushahidi wa watu haimpi mtoto jina.

Iko tofauti moja, nayo si ndogo. Mtoto ambaye ng'ombe zake hazikutolewa hakubaki nje. Alikuwa na babu mzaa mama, alikuwa na wajomba, alikuwa na zizi ambalo angeweza kulitaja. Mila ilimnyima upande mmoja, ikampa upande mwingine palepale. Sheria ya daftari humnyima asiyeandikwa, kisha ikafunga kitabu.

Tena Wanyakyusa walikuwa na jambo la pili, ambalo Monica Wilson alilieleza kwa urefu katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1951, na ambalo liliwastaajabisha wataalamu wa nchi nyingi. Hawakukaa kwa koo. Wavulana walipofikia miaka kama kumi waliondoka katika kijiji cha baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja na wenzao wa rika moja, na kijiji hicho cha watoto kikakua nao mpaka kikawa kijiji cha watu wazima. Kukaa pamoja kwa amani, kula pamoja na kuzungumza pamoja, ambako kwa lugha yao huitwa ukwangala, kulihesabiwa kuwa wema mkubwa. Basi kila mtu alikuwa na uenyeji wa namna mbili: mmoja aliupata kwa ukoo, nao ulimpa urithi, mwingine aliupata kwa kuishi na wenziwe, nao ulimpa kijiji. Hakuna aliyeambiwa achague mmoja auache mwingine.

Mpaka wa kizungu ulipokuja ulikata namna zote mbili. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wadachi waliufanya mto Songwe kuwa mpaka. Kusini ya mto wako Wangonde wa Karonga, ambao lugha yao na ya Wanyakyusa hukaribiana kama nduguze mama mmoja, na ambao mapokeo yao yanamtaja Kyungu kuwa wa asili moja na Lwembe wa Unyakyusa, wote wakitokea upande wa milima ya Ukinga. Tena mto wenyewe si shahidi mwaminifu. Katika bonde la chini karibu na ziwa hujipindapinda, na baada ya mafuriko huweza kuhama njia yake, hata shamba lililolala upande huu likaamka upande wa pili. Huko mtu aweza kubadilishiwa nchi na maji, pasipo yeye kuinua mguu. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, kanuni kubwa ilikuwa kwamba aliyezaliwa humo, na ambaye mzazi wake mmoja angalau alizaliwa humo, aliingia uraia siku ile. Msomaji aangalie neno hilo "mmoja angalau": mama alitosha. Mtoto wa Mgiriki asiyeandikwa na baba yake aliweza kuwa raia wa Tanganyika kwa mama yake, kama mtoto wa Kinyakyusa asiye na ng'ombe alivyokuwa wa wajomba zake.

Kwamba mambo haya si ya maktaba tu, tazama Kongo. Kisiwa cha Rhodes, ambacho leo ni cha Ugiriki, kilikuwa mikononi mwa Italia tangu mwaka 1912 mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Wayahudi wengi wa kisiwa hicho walihamia Kongo na Rhodesia. Na katika wale waliobaki, zaidi ya 1,600 walichukuliwa mwaka 1944 wakapelekwa Auschwitz. Mmoja wa waliofika Kongo, Nissim Soriano, alimzaa Moïse Katumbi kwa mama Mkongo mwaka 1964. Katumbi akawa gavana wa Katanga tangu mwaka 2007 hadi 2015. Alipotaka kugombea urais, mwaka 2018 alishutumiwa kwamba amepata kuwa raia wa Italia, na sheria ya Kongo ya mwaka 2004 yasema uraia wa nchi hiyo hauchangamani na mwingine. Mwaka 2023 mahakama ya katiba ilikataa dai la kumzuia, akagombea. Asili ya baba, ambayo kwa mtu mmoja ni mlango, kwa mwingine hugeuzwa kuwa shtaka.

Huku kwetu nako lipo la kupimwa. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu, kwa kawaida, mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Basi mjukuu wa Mgiriki anayefanikiwa kuunga mnyororo wake asisahau kuuliza bei. Atapata pasi ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, atapata haki ya kufanya kazi huko, na pengine atapata kitu kisicho na bei, yaani kuandikwa kwa jina ambalo baba yake alinyimwa. Kwa upande wa pili aweza kuwa mgeni mbele ya sheria katika nchi ya mama yake, katika kijiji ambacho rika lake lote lamjua kwa jina la utotoni.

Wako wanaomlaumu mtu huyo na kumwambia kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Mimi naona methali hiyo yamkata pande zote mbili, maana kwao ni wapi? Asiyemdai baba amekataa nusu. Anayemdai hulazimishwa kuiacha nusu ya pili. Kosa si lake. Ni la sheria mbili ambazo kila moja yataka mtu mzima mzima, hali yeye amezaliwa na watu wawili. Wazee wa Unyakyusa, ambao hawakuwa na karatasi, walijua kumpa mtu ukoo kwa ng'ombe na kijiji kwa ukwangala, na havikugombana. Serikali zenye makabati yaliyojaa mafaili hazijashindwa na jambo hilo kwa kukosa ujuzi; hazijataka kulijifunza.