Baba Yetu ya Mmarekani na tenzi za Mzee wa Butiama

Februari 2011, mjini Los Angeles, wimbo wa Kiswahili ulipata tuzo ya Grammy. Unaitwa Baba Yetu. Mtunzi wake si Mtanzania wala Mkenya. Ni Mmarekani aitwaye Christopher Tin. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba wimbo huo ulianza maisha yake kwenye gemu la kompyuta, na ndio muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo hiyo.

Huyu bwana ni nani hasa? Alizaliwa California mwaka 1976, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Hong Kong. Alisoma Chuo Kikuu cha Stanford, utunzi wa muziki pamoja na fasihi ya Kiingereza, kisha akaenda London, Royal College of Music. Fani yake ni ule muziki wa okestra na kwaya kubwa, ambao wengi wetu tukiusikia tunadhani watunzi wake wote walikwisha kufa zamani. Tin yu hai, anatunga, na mara nyingi husimama mwenyewe mbele ya okestra akiiongoza.

Mwaka 2005 rafiki yake waliyeishi chumba kimoja chuoni, Soren Johnson, alikuwa anasanifu gemu la Civilization IV. Akamwomba muziki wa kufungulia. Tin akachagua Kiswahili. Maneno ya Sala ya Bwana yaliandaliwa na Mkenya, Chris Kiagiri, na walioimba ni kikundi cha Stanford kiitwacho Talisman. Mwaka 2009 aliurekodi upya na Soweto Gospel Choir, ukawa wa kwanza kwenye albamu yake Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 kwa lugha 12. Albamu nayo ikapata Grammy yake. Tangu hapo Tin hakurudi nyuma. Mwaka 2014 kazi yake ilipigwa Carnegie Hall, New York. Mwaka 2024 opera ya Turandot, ambayo Puccini alifariki mwaka 1924 bila kuimaliza, ilichezwa Washington ikiwa na mwisho mpya uliotungwa na Tin.

Nimewahi kusikia watu wakisema, "Jamani, tumeibiwa!" Mimi sikubaliani nao. Sala yenyewe ililetwa kwetu na wamisionari. Kuimba kwa sauti nne, soprano mpaka besi, kulikuja na meli hiyo hiyo. Kilicho chetu ni lugha, na namna tunavyoichezesha midundo. Na lugha ikipendwa na wageni haipungui.

Kinachoniuma ni kingine. Nacho kinaanzia nyumbani, mkoani Mara.

Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Nyerere Burito alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma. Desemba 1943 akabatizwa, akaitwa Julius. Mengine tunayajua, au tunadhani tunayajua. Tunamjua wa TANU, wa Azimio la Arusha, wa vita vya Kagera. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa mtu wa ushairi. Alimtafsiri Shakespeare, ikatoka Juliasi Kaizari na baadaye Mabepari wa Venisi. Na mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kuzikwa pale Mwitongo, Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho walichapa kazi yake kubwa ya uzeeni: Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi.

Tafakari hilo kidogo, msomaji. Sala ya Bwana imo katika Injili ya Mathayo, sura ya 6. Maana yake ni kwamba miaka tisa kabla ya gemu la Marekani, sura hiyo ilikwisha kuwekwa kwenye vina na mizani ya Kiswahili, na mtu wa Butiama. Tena utenzi si maneno ya kusomwa kimya. Mshororo una mizani nane, beti zinafungwa na kina kimoja mwanzo hadi mwisho, na tangu enzi za Lamu na Pate tenzi zilitolewa kwa sauti ya kuimba. Hapo nusu ya kazi ya mtunzi imekwisha kufanyika!

Atakayesema hili ni ndoto amtazame Tin mwenyewe. Katika To Shiver the Sky, ya mwaka 2020, alichukua hotuba ya Rais Kennedy kuhusu safari ya mwezini akaifanyia muziki wa kwaya na okestra. Kama hotuba ya Kennedy inaimbika, tenzi za Nyerere zitashindwa nini? Wala tusiseme muziki wa namna hiyo si wa Afrika Mashariki. Jirani zetu Uganda walifanya mapema. Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, mwaka 1964, mwaka ule ule Papa Paulo VI alipowatangaza kuwa watakatifu.

Vipaji tunavyo. Nenda Jumapili kanisa lolote la Musoma au Bunda usikilize. Tatizo letu ni karatasi. Nyimbo zinaandikwa kwa do re mi, zinatolewa fotokopi, fotokopi inatolewa fotokopi, na njiani jina la mtunzi linadondoka. Nimeshika nyingi za namna hiyo: wimbo mtamu, hauna jina, hauna mwaka. Tin anachapisha noti zake, jina lake likiwa juu, na kwaya ya nchi yoyote inaweza kuzinunua ikaimba. Ndiyo maana dunia inamjua, na ndiyo maana mtunzi wetu akifa, wimbo wake unabaki yatima.

Ombi langu kwa walimu wa kwaya wa Mara ni dogo. Andikeni jina na mwaka juu ya kila karatasi. Kisha mmoja wenu atafute tenzi za Mzee, afungue Mathayo sura ya 6, aanze na sauti ya kwanza. Nyingine tatu zitafuata.