Senti 25 kwa Saa: Ujira Uliopima Nyota za Harvard

Machi 1900, Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilikuwa kikikusanya shajara za watumishi wake ili zihifadhiwe kwenye sanduku la kumbukumbu, zije zisomwe na vizazi vya mbele. Williamina Fleming, msimamizi wa picha za nyota katika kituo cha anga cha chuo hicho, aliandika yake. Humo akatoa la moyoni: yeye alilipwa dola 1,500 kwa mwaka, ilhali kulikuwa na wasaidizi wanaume waliolipwa 2,500. Kila alipogusia suala la mshahara, mkurugenzi alimjibu kwamba kwa viwango vya wanawake anapata vizuri. Fleming alikuwa na nyumba ya kuendesha na kijana wa kusomesha chuoni.

Na huyo ndiye aliyekuwa juu ya wenzake. Wasichana walioanza kazi chini yake walilipwa senti 25 kwa saa. Piga hesabu: saa saba kwa siku, siku sita kwa wiki, inakuja dola 10 na senti 50. Zilizidi kidogo ujira wa kiwandani, lakini hazikufikia mshahara wa karani. Baadhi yao walikuwa wamehitimu vyuo vya wanawake kama Vassar, Wellesley na Radcliffe.

Ujira huo ulipangwa makusudi. Edward Pickering alishika ukurugenzi wa kituo mwaka 1877, wakati upigaji picha ulipoanza kugeuza elimu ya nyota. Darubini zilizaa picha upesi kuliko watu walivyoweza kuzisoma. Mwaka 1882 alitoa kijitabu cha kuwahimiza watu wajitolee kuchunguza nyota zinazobadilika mwanga, akiwataja hasa wanawake wenye elimu na nafasi. Kisha mwaka 1886 Mary Anna Draper, mjane wa mtaalamu wa nyota Henry Draper, akaanza kufadhili kazi ya kuzipanga nyota kwa makundi kwa kumbukumbu ya mumewe. Fedha ilikuwa na kikomo. Mshahara wa mwanaume mmoja ungeajiri wanawake kadhaa, na kila mkono ulioongezeka ulimaanisha nyota nyingi zaidi kwenye daftari.

Kazi yenyewe ilikula macho. Picha zilikuwa juu ya vioo, nyota zikionekana kama vidoa vyeusi kwenye uwanja mweupe. Kioo kiliwekwa kwenye fremu ya mbao, chini yake kioo cha kujitazamia kikirudisha mwanga wa dirishani. Mwanamke mmoja aliinama na lenzi, akatamka alichokiona, mwenzake akaandika. Kupima mwangaza walitumia kipande kidogo cha kioo chenye mpini na vidoa vya ukubwa mbalimbali, wakikisogeza mpaka kidoa kimoja kilingane na nyota inayopimwa. Kosa moja la kusoma namba lingeharibu orodha. Orodha ya kwanza, ya mwaka 1890, ilikuwa na nyota zaidi ya 10,000. Ile kubwa, iliyotolewa kati ya 1918 na 1924 kwa kazi ya Annie Jump Cannon, ilifikia 225,300.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Pickering aliwafungulia wanawake mlango ambao vituo vingi vya anga viliufunga, na Fleming mwenyewe alianza kama mtumishi wa nyumbani kwake. Lakini mlango ule ulikuwa na bei, na aliyeilipa ni yule aliyeingia.

Henrietta Swan Leavitt, binti wa mchungaji, alianza miaka ya 1890 bila malipo. Aliweza kwa sababu ilikuwepo familia ya kumtunza. Hapo ndipo historia hii inaponiuma. Kazi ya utafiti inapoanza na miezi au miaka ya kujitolea, mchujo wa kwanza huwa ni nani ana mtu wa kumlisha. Kipaji kinapimwa baadaye. Hatuwezi kujua ni mabinti wangapi wa vibarua wa Boston wangesoma vioo vile vizuri kumpita Leavitt, kwa kuwa hawakuwahi kuvigusa.

Mwaka 1902 Leavitt akaingizwa kwenye malipo, senti 30 kwa saa, senti tano juu ya kiwango cha kawaida. Mwaka 1908 alitoa orodha ya nyota 1,777 zinazobadilika mwanga katika Mawingu ya Magellan. Mwaka 1912 alithibitisha, kwa nyota 25, kwamba kadiri nyota ya aina ya Sefeidi inavyochukua muda mrefu kufifia na kung'aa tena, ndivyo mwangaza wake halisi ulivyo mkubwa. Kwa kanuni hiyo, inayowezesha kukadiria umbali wa nyota, mtaalamu wa nyota Edwin Hubble aliweza kuonyesha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, nje ya yetu. Leavitt alifariki Desemba 1921. Mali aliyoiacha ilithaminiwa takriban dola 315.

Karne moja baadaye wanaoanza utafiti Marekani bado wanabishana na waajiri wao juu ya hesabu ileile. Sheria ya utafiti ya mwaka 1974 ilianzisha posho rasmi za kitaifa kwa watafiti chipukizi wa afya, na vyuo vingi vikafanya viwango vyake kuwa kipimo cha malipo. Novemba 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California waligoma, wakiwemo wanafunzi watafiti, wanafunzi wanaofundisha na wenye shahada ya uzamivu waliokuwa wakishindwa kodi ya nyumba. Wanafunzi wanaofundisha walipandishiwa kima cha chini kutoka takriban dola 23,000 hadi 34,000.

Desemba 2023, jopo la washauri wa taasisi za taifa za afya lilipendekeza mwenye uzamivu anayeanza alipwe angalau dola 70,000 kwa mwaka. Aprili 2024 taasisi hizo zilitangaza 61,008, na kuahidi kulifikia pendekezo kwa hatua ndani ya miaka mitatu hadi mitano, bajeti ikiruhusu. Mkataba wa mtafiti wa namna hiyo mara nyingi hauzidi miaka mitatu.