Bata na historia ya bei nafuu kuvuka mipaka

Katika historia ya biashara ya rejareja, yaani uuzaji wa bidhaa moja moja kwa mtumiaji wa mwisho, ni kampuni chache za kigeni zilizoingia Afrika Mashariki kwa bei nafuu na kudumu, na miongoni mwa hizo chache inayostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi ni kampuni ya viatu ya Bata, iliyoanzishwa mwaka 1894 na Tomáš Baťa pamoja na ndugu zake katika mji wa Zlín, ambao leo umo Jamhuri ya Cheki.

Mwaka 1922, thamani ya fedha ya Chekoslovakia ilipopanda na viatu vyake vikawa ghali mno kwa wanunuzi wa nje, Baťa alishusha bei kwa nusu. Alipunguza mishahara pia, jambo lililokuwa zito kwa wafanyakazi, ingawa aliwauzia chakula na mahitaji mengine kwa bei ya chini. Uwezo wa kufanya hivyo ulitokana na mpangilio wa kampuni yenyewe, ambayo ilisindika ngozi, ikashona viatu na kuviuza katika maduka yake, kwa hiyo faida haikugawanywa kwa madalali njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, nchi nyingi zilipopandisha ushuru wa forodha, yaani kodi inayotozwa bidhaa inapovuka mpaka, kampuni iliamua kuvusha kiwanda badala ya kiatu, na hata baada ya Tomáš kufariki katika ajali ya ndege mwaka 1932, ndugu yake Jan Antonín aliendeleza njia hiyo kwa viwanda kama vile East Tilbury nchini Uingereza na Batanagar nchini India.

Afrika Mashariki iliingizwa katika mpango huo kupitia kiwanda cha Limuru, Kenya. Mshindani mkuu wa Bata huku hakuwa kampuni nyingine, bali mguu mtupu na katambuga, yaani kandambili zinazokatwa kwenye matairi chakavu, na ndiyo maana raba na viatu vya shule vilivyoshonwa papa hapa, kwa bei ambayo mzazi aliweza kuidunduliza, vilijipatia soko ambalo kabla yake halikuwapo. Nchini Tanzania uzito wa kampuni hiyo ulidhihirika Februari 1967, kwani baada ya Azimio la Arusha ilitajwa pamoja na viwanda vya bia, sigara na saruji miongoni mwa kampuni saba ambazo serikali ilichukua hisa za kuzidhibiti.

Maduka makubwa ya kujihudumia yaliyofuata baadaye hayakupata mizizi ya namna hiyo. Nakumatt ya Kenya ilifungua tawi Moshi mwaka 2011, ikanunua maduka ya Shoprite ya Afrika Kusini nchini Tanzania mwaka 2014, kisha ikaporomoka kwa madeni mwaka 2017, wakati Uchumi, nayo ya Kenya, ilikuwa imekwisha kuondoka Tanzania mwaka 2015. Madeni yalichangia sana, lakini kwa mtazamo wa Myamba, kata ya wakulima wa tangawizi katika milima ya Upare Kusini, wilayani Same, ipo sababu nyingine isiyopewa uzito unaostahili. Tangawizi hukaa shambani miezi mingi kabla ya kuvunwa, na fedha yake huja kwa msimu, hivyo mkulima huhitaji muuzaji anayempimia mafuta au sukari kidogo kidogo na kumwandikia deni katika daftari hadi mavuno, huduma ambayo duka lenye rafu ndefu na mashine ya malipo, lililokuwa mjini Moshi, umbali wa saa kadhaa za safari, halikuundwa kuitoa. Bata ilihitaji mkulima huyo aje na fedha mara chache tu kwa mwaka, hasa shule zinapofunguliwa, ilhali duka kubwa lilimhitaji kila wiki, tena akiwa na fedha taslimu mkononi.