Jamii Isiyo na Mlima: Wanubi wa Arua na Koboko na Suala la Sherehe ya Urithi

Walugbara wa kaskazini-magharibi mwa Uganda wakieleza asili yao huonyesha milima miwili: Eti, wanakomtaja babu yao Dribidu, na Liru, upande wa Koboko, wanakomtaja babu yao mwingine, Jaki. Wakakwa nao wana nasaba zinazovuka mipaka ya Uganda, Kongo na Sudani Kusini. Wanubi wa mitaa ya Arua na Koboko hawana mlima. Wana kambi za jeshi: Dufile, Wadelai, Kavalli. Kwa sababu hiyo sherehe ya urithi wao haiwezi kufuata mtindo wa majirani. Ninadai kwamba itakuwa ya kweli pale tu itakapoacha kusaka chimbuko na kuonyesha namna watu walivyofanywa Wanubi, na namna wengine walivyochagua kuwa Wanubi.

Jeshi la Misri lililotawala Sudani katika karne ya 19 lilijazwa watu waliotekwa utumwani kusini mwa nchi hiyo na kupewa bunduki. Gavana wao Emin Pasha alipoondoka na msafiri Stanley mwaka 1889, ofisa wake Selim Bey alibaki Kavalli, kusini-magharibi mwa Ziwa Albert, pamoja na mabaki ya jeshi hilo. Mwaka 1891 Lugard, ofisa Mwingereza, aliwachukua kwa niaba ya kampuni ya Waingereza. Waliomfuata walizidi 8,000, lakini wenye bunduki hawakufika 1,000. Hesabu hiyo ingetosha kugeuza masimulizi yetu yote, maana waliosalia walikuwa wanawake, watoto na watumwa. Hata hivyo, kila Wanubi wanapotajwa, anayesimama mbele ya macho ya msomaji ni askari.

Wasomi wamelihangaikia suala hili. Mwaka 1985 Omari Kokole aliuliza kama Wanubi ni klabu ya Waislamu au ni kabila la Kiafrika. Mark Leopold naye ameonyesha jinsi kumbukumbu ya utumwa ilivyobaki ndani ya jina la utani walilopewa Wanubi, namba 111, lililotokana na chale tatu za shavuni. Nionavyo mimi, swali la Kokole halidai tuchague upande mmoja. Mwanamke wa Kilugbara au wa Kikakwa aliyeolewa katika mtaa wa Wanubi, akasilimu, akajifunza Kinubi, mapishi na mavazi, alilea watoto ambao hakuna aliyewatilia shaka. Uwezo huo wa kumpokea mgeni na kumfanya mwenyeji ndio urithi wenyewe.

Sheria ya nchi inavuta upande mwingine. Katiba ya Uganda ya 1995 inampa uraia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa nchini ambaye mzazi wake, babu au bibi yake alitoka katika jamii zilizokuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926, na Wanubi wamo katika orodha hiyo. Sidharau faida yake. Ndugu zao wa Kibera, Kenya, walisubiri hadi mwaka 2017 kupewa hati ya ardhi ya ekari 288 baada ya mapambano ya vizazi kadhaa. Lakini orodha ya kisheria ina madhara yake ikiingia kwenye uwanja wa sherehe: kila kabila hutakiwa kupanda jukwaani na ngoma moja, vazi moja na asili moja, wageni rasmi wapige makofi, kisha zamu ihamie kwa wengine. Jamii iliyoumbwa kwa mchanganyiko hulazimika kujifanya imeteremka kutoka kwa babu mmoja.

Kielelezo bora tunacho tayari, nacho ni arusi. Katika doluka, ngoma ya arusi za Kinubi, wanawake ndio wanaotunga na kuimba, na maneno yao hugusa watu wa mtaa, mapenzi, ugomvi na sifa. Mgeni haketi kwenye kiti cha mtazamaji, huvutwa ndani. Gurbaba, vazi la wanawake wa Kinubi, huvaliwa na bibi arusi ambaye pengine bibi yake mzaa mama hakuwahi kuivaa. Sherehe ya urithi itakayojengwa juu ya doluka itawapa nafasi wale waliokuwa wengi Kavalli na wakasahaulika vitabuni.

Haitoshi, hata hivyo, kusifu ukarimu. Watumwa waliomfuata Selim Bey walikuwa na wamiliki, na baadhi ya wamiliki hao walikuwa wametekwa wenyewe kabla ya kuteka. Vijiji vya Walugbara, Wakakwa na Wamadi viliporwa na majeshi ya zama hizo. Leo wajukuu wa walioporwa na wajukuu wa waporaji wanauziana bidhaa katika soko moja, na wengi wana damu ya pande zote mbili. Maonyesho yatakayotandaza medali na magwanda ya jeshi la kikoloni bila kutaja hayo yatawaomba majirani washangilie uchungu wao.

Kuifungua sherehe ya damu moja kwa wote si jambo geni: Wakanada wenye asili ya Kifaransa walipitia njia inayofanana kwa sehemu. Ludger Duvernay aliifanya tarehe 24 Juni, siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, kuwa karamu ya taifa lake huko Montreal mwaka 1834, na wahamiaji wakaibeba hadi kwenye mitaa ya viwanda ya Lowell na Lewiston, Marekani. Quebec ilipoitangaza rasmi kuwa sikukuu yake ya taifa mwaka 1977, iliitaka iwe ya wakazi wote, wa asili yoyote. Karamu ya damu moja ikafunguliwa kwa wote wanaoishi mahali pamoja.

Tarehe yenyewe, lakini, haiwezi kuazimwa. Arua tarehe 24 Juni ina wenyewe. Siku hiyo mwaka 1981 askari wa UNLA, jeshi la serikali ya wakati huo, waliwaua raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, katika kisasi kilichowaangukia watu wa West Nile, eneo la Arua na Koboko, kwa sababu Idi Amin, rais aliyekuwa amepinduliwa, alikuwa wa kwao. Walugbara, Wakakwa, Wamadi na Wanubi walivuka mpaka kwa maelfu kuingia Sudani na Zaire. Ukimbizi huo ni sehemu ya urithi wa Kinubi sawa na Kavalli, na ndiyo sehemu pekee ambayo Wanubi hawakuwa na bunduki mbele ya majirani zao bali walibeba mizigo pamoja nao. Ningependekeza sherehe ifuate msimu wa arusi baada ya Idd, tarehe ihame kadiri mwezi unavyoandama, na wazee wa Kilugbara na Kikakwa waliokuwa katika kambi za wakimbizi wapewe nafasi ya kusimulia kabla ya mwanasiasa yeyote.