Kwa nini kompyuta iliandika "Kqsongo": historia fupi ya klaviye yetu



Mwaka jana nilipewa kazi ya kuingiza majina ya wakulima zaidi ya 300 wa Kasongo na Kabambare ndani ya fomu moja ya kompyuta, kwa ajili ya kugawa mbegu za mpunga na karanga. Orodha ilikuwa tayari kwenye jedwali, lakini fomu haikupokea jedwali. Ilitaka jina moja moja, kijiji kimoja kimoja, kwa mkono. Nikasema, niumize vidole ju ya nini? Kuna programu ndogo zinazobonyeza klaviye badala ya mtu: unaandika amri moja, na herufi zinajiandika zenyewe. Nikawasha, nikaenda kula bukari. Niliporudi, pahali pa "Kasongo" niliona "Kqsongo", "Kabambare" imekuwa "Kqbq,bqre", na "Maniema" imekuwa "?qnie,q".

Cheka, lakini fikiri pia. Siku ya kugawa mbegu majina yanasomwa kwa sauti mbele ya watu. Mama ambaye jina lake halisomeki anarudi na kikapu kitupu, na mvua haimngoji mtu.

Nilipotafuta chanzo cha kosa, nikakuta ni historia, na sehemu yake imepita hapa kwetu.

Tuanze na kalamu. Tangu miaka ya 1870, Kasongo ilikuwa makao makubwa ya Tippu Tip, jina lake halisi Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Biashara yake ilikuwa pembe na watumwa, hilo tusilifiche. Waungwana waliojua kuandika waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kuume kwenda kushoto. Tippu Tip mwenyewe aliandika maisha yake hivyo. Mjerumani Heinrich Brode akayageuza kuwa herufi za Kilatini, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Maneno ni yaleyale, ila yalipita katika mkono mwingine.

Hapa Kasongo mambo yalikuwa yamekwisha kubadilika. Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dola Huru ya Kongo, chini ya Dhanis, waliuteka mji. Mwaka 1908 nchi ikawa koloni ya Ubelgiji. Biro ikaanza kusema Kifaransa, na mashine ya kuandika ikafuata lugha ya biro.

Mashine ile nayo iko na habari yake. Kule Marekani, Christopher Sholes na wenzake walipata hati ya uvumbuzi mwaka 1868, na kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1874. Mpangilio wa herufi uliotokea huko unaitwa QWERTY, kwa herufi zake 6 za kwanza. Wafaransa na Wabelgiji wakawa na wao, AZERTY: A imekaa pahali pa Q, Z pahali pa W, na M imehamia pembeni ya L. Hata tarakimu hazitoki mpaka ushikilie kibonye cha herufi kubwa. Njo maana wengi wetu tulijifunza kuandika kwa AZERTY. Hatukuichagua, tuliirithi.

Sasa tuje kwa amri. Watu wa kompyuta walichoka zamani kurudia kuandika kitu kilekile. Mwaka 1990 Mmarekani Don Libes alionyesha programu iitwayo expect, inayojibu maswali ya programu nyingine kana kwamba ni mtu amekaa pale. Baadaye Jordan Sissel akatengeneza xdotool kwa ajili ya Linux. Ukiandika xdotool type "Kasongo", inaangalia kwanza mpangilio wa klaviye yako, inatafuta kibonye chenye herufi hiyo, ndipo inabonyeza.

Lakini xdotool inategemea mfumo wa madirisha wa zamani, X11, wa mwaka 1987, ambamo programu yoyote inaweza kusoma na kubonyeza klaviye ya programu nyingine. Ni mlango wazi kwa wezi wa maneno ya siri. Mfumo mpya, Wayland, umefunga mlango huo. Kwa hiyo ikatumika programu nyingine, ydotool, inayopita chini kabisa na kujifanya klaviye ya kweli. Mimi nilitumia hiyo. Hiyo haitumi herufi, inatuma namba ya kibonye, na inahesabu kwamba klaviye yote ya dunia ni ya Kimarekani. Ilibonyeza pahali pa "a" ya Marekani, kompyuta yangu ya AZERTY ikasoma "q". Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri, aliyeumia ni jina la mkulima.

Nilifanya nini? Nilifuta yote. Nikabadili mpangilio kuwa wa Kimarekani kwa muda wa kazi, nikajaribu majina 3 kwanza kwenye ukurasa mtupu, nikaongeza kituo kidogo kati ya herufi maana fomu ilikuwa nzito. Majina yenye é nikayaandika kwa mkono. Halafu mimi na mwenzangu tukasoma orodha yote kwa sauti, yeye na karatasi, mimi na kompyuta. Tukakuta majina 4 mabaya ambayo hayakuharibiwa na mashine: yalikosewa tangu kwenye karatasi, na mashine iliyanakili haraka tu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tujifunze hizi amri, zinaokoa siku nzima. Lakini kila chombo kinakuja na mazoea ya aliyekitengeneza. Waliotuletea AZERTY hawakutuuliza, na aliyeandika ydotool hakujua Kasongo iko wapi. Anayejua jina la mama huyu linavyoandikwa ni sisi. Kazi ya kubonyeza tuiachie mashine, kazi ya kusoma tubaki nayo.

Wewe unatumia klaviye gani, na imekwisha kukuharibia nini? Tuambiane hapa chini.